Chuo cha Kiswahili Kando ya Zizi

Jumapili, 1 Septemba 1996

Habari mbaya imefika leo kwa lori la sukari. Shangazi yangu Eeddo Maka, dada yake baba yangu, Aabo, ametuma ujumbe kutoka Elwak kwa mdomo wa dereva. Binti yake ameolewa na duka limebaki bila mtu wa kusimama nyuma ya meza. Anasema Amran, yaani mimi, akimaliza mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba, apakiwe aletwe. Apakiwe! Kama gunia la mchele!

Hooyo, mama yangu, alisema mtoto huyu ana kichwa cha sekondari. Aabo akasema tutaona. Nimezaliwa katika nyumba hii na sijawahi kuona "tutaona" ya Aabo ikifuatwa na kuona. Alifafanua kwamba shule ya bweni inataka karo, sanduku la bati, godoro na viatu, na kwamba yeye hana mshahara, ana soko. Soko likinona, nitakwenda sekondari. Soko likikonda, Elwak.

Aabo ni dalali wa mifugo. Mfugaji anakuja na ng'ombe na Kisomali chake. Mnunuzi anakuja kutoka Thika au Mwingi na Kiswahili chake. Aabo anasimama katikati na lugha zote mbili. Bila yeye wangetazamana mpaka ng'ombe azeeke. Ni kazi ya heshima, lakini naona inamchosha.

Nimewaza tangu alasiri. Sitamtwika Aabo mzigo. Nitajisomesha mwenyewe! Nina mali gani? Mbuzi sina. Nina Kiswahili. Ijumaa mwalimu wetu, mtu wa bara, alisoma insha yangu mbele ya darasa zima, na darasa letu limejaa hivi kwamba wengine walisikilizia dirishani. Ifrah, tunayekaa naye dawati moja, alikuwa wa pili. Anadai jua langu linachomoza vilevile katika kila insha. Wivu.

Nimeamua. Nitafungua chuo.

Jumatatu, 2 Septemba

Mji huu unakua kuliko viatu vyangu. Nyuma ya mtaa wetu kuna bulla mpya, vibanda vya fito na mikeka, mahali ambapo mwaka jana palikuwa kichaka. Ukame umewaleta watu na hawana pa kurudi. Na Kiswahili hawana. Hospitalini daktari ni mtu wa bara. Ofisini karani ni mtu wa bara. Darajani, kwenye kizuizi, askari ni mtu wa bara. Juzi mama mmoja alieleza ugonjwa wa mwanawe kwa ishara mpaka dawa akanyweshwa yeye. Si jambo la kucheka. (Nilicheka kidogo.)

Baada ya shule nikaenda soko la mifugo. Wafugaji hufika mapema kabla ya soko la Jumatano, na hawana kazi ila kupiga mswaki na kutazama ng'ombe. Nikasimama kando ya zizi, nikatoa salamu, nikatangaza chuo. Walicheka sana. Mmoja aliuliza sambusa za kuuza nimeziacha wapi.

Adeer Warfa (adeer ni ami, na kila mzee ni ami) hakucheka. Ni mzee mrefu mwenye ndevu za hina. Ametembea na mafahali wake kutoka upande wa Takaba kwa sababu kule nyasi zimebaki za kusimuliwa tu. Aliuliza atafaidika nini. Nikajibu bila kusita kwamba atasimama mbele ya mnunuzi na kusema mwenyewe, bila kumhitaji mtu yeyote katikati.

Akasema, wallahi, hilo ni jambo kubwa. Nami nikaona ni jambo kubwa. Ninaliandika hapa ili siku moja likumbukwe.

Tumekubaliana: kibuyu cha samli sasa, na ndama siku atakapomaliza kuuza mafahali wake. Ndama mmoja ni sanduku, godoro na viatu. Labda na soksi.

Jumanne, 3 Septemba

Somo la kwanza. Ubao sina, lakini kando ya zizi huegeshwa lori la kubebea ng'ombe, na ubavu wake una vumbi zuri, nene, la kutosha aya mbili. Niliandika kwa kidole. Juu tarehe, chini jina langu na darasa langu, kama mwalimu wetu anavyotaka. Kazi isiyo na jina, anasema, haina mwenyewe.

Nifundishe nini? Sikusumbuka. Nilifundisha kile kilichonipatia alama. Nilirauka alfajiri na mapema. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo za kumsifu Mola wao. Nikashika tariki guu mosi, guu pili. Machozi yakanitiririka njia mbili mbili. Umati usio na idadi.

Wazee hawa hawasomi, lakini masikio yao! Mtu akisikia shairi mara moja kando ya moto huko kwao, analifikisha Mandera bila kudondosha neno. Adeer Warfa alirudia aya nzima. Ni kweli p zake zinatoka b, "alfajiri na mabema", lakini hata mimi darasa la kwanza nilisema hivyo na leo nasomwa mbele ya watu. Nadhani siri ni mbinu zangu za kufundisha.

Pigo moja tu. Tulipofika kwenye machozi, dereva aliingia ndani ya lori akaondoka na somo. Nililikimbilia nikisoma kwa sauti mpaka kona ya kisima. Niliporudi, Adeer Warfa aliuliza kwa adabu kama masomo yote huondoka namna hii. Nikasema ndiyo, ndiyo maana yanakaririwa.

Jumatano, 4 Septemba

Ushindi! Ushindi!

Asubuhi Adeer Warfa alikwenda ng'ambo ya mto kumwona jamaa yake. Safari iliyopita alisimama kwenye kizuizi cha daraja mpaka kivuli chake kikapotea miguuni, akingoja apite mtu mwenye lugha mbili. Leo askari alipomwuliza anatoka wapi, alijibu mwenyewe. Alirauka alfajiri na mabema. Ndege walikuwa wakiimba. Akashika tariki guu mosi, guu pili. Askari akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita mwingine. Walimwomba arudie pale pa ndege. Kitambulisho chake walikitazama wakicheka, wakampa na chai ya rangi.

Kisha sokoni akauza fahali mmoja kwa mchinjaji wa Thika bila dalali! Mchinjaji alisema tangu aanze kuja Garissa hajawahi kupokewa kwa Kiswahili cha namna hii. Bei walionyeshana kwa vidole.

Hapo nimegundua upungufu mdogo: sijafundisha kuhesabu. Lakini katika insha ukianza kuhesabu vitu unapoteza utamu. Husemwa "usio na idadi", basi.

Aabo amerudi jioni. Alimwambia Hooyo kwamba leo kuna mzee amempita kama mti unavyopitwa. Nikasema kwa upole kwamba huenda ni maendeleo. Aabo akaomba maji.

Alhamisi, 5 Septemba

Ifrah amejua. Amecheka mpaka akashika dawati. Akauliza, "Kwani Amran, hao wazee unawapeleka mtihani? Nani atawasahihishia?"

Mwalimu Mkuu wa chuo habishani na mtu aliyekuwa wa pili.

Jioni nimemkuta upande wa pili wa zizi. Amefungua chuo chake! Ana binamu aitwaye Hanad ambaye alikaa Eastleigh, Nairobi, muhula mzima na akarudi na kofia na Sheng. Ifrah sasa anawafundisha vijana wa ng'ombe kusema "sasa buda" (buda ni mzee) na "leta chapaa" (chapaa ni pesa). Vijana wangu wawili wamehama papo hapo. Mmoja alinipungia mkono akasema "boa", akimaanisha poa.

Huo ni uharibifu wa lugha. Nimeandika neno USANIFU kwenye ubavu wa lori kwa herufi kubwa. Dereva aliuliza kama ni jina la kampuni.

Jumapili, 8 Septemba

Chuo kinanona. Safu yangu ya wazee imefika mpaka kwenye kinywesheo cha ng'ombe. Kila mmoja amesikia habari za Adeer Warfa na ile chai ya darajani. Samli imekuwa nyingi. Hooyo aliuliza inatoka wapi, nikasema ni shukrani za jamii. Akaonja, akasema jamii ina ng'ombe wazuri.

Aabo hakuonja. Ameanza tabia ya kukaa mlangoni akikunja na kukunjua shali lake.

Nilimwuliza kwa nini shali halimtoki mkononi hata kwenye joto hili. Akanieleza jambo ambalo nimeliona tangu utotoni bila kulielewa. Sokoni bei haisemwi kwa mdomo. Dalali hufunika mkono wake na wa muuzaji kwa shali, wanashikana vidole huko ndani, na vidole ndivyo vinavyotaja bei. Kisha hufanya hivyo na mnunuzi. Anayesimama kando haoni kitu. Kila mmoja anarudi kwake na bei yake, hakuna wa kumwonea mwenzake kijicho.

Nikasema ni desturi ya kuvutia sana na inafaa kuandikiwa insha. Aabo akasema, "Andika haraka, mama, kabla haijaisha."

Jumatano, 11 Septemba

Leo wanafunzi wangu wote waliuza wenyewe. Wote! Ningefurahi zaidi kama wasingepigana.

Ilikuwa hivi, kwa maelezo ya Adeer Warfa. Wazee hawakuwa na dalali, kwa hiyo hawakuwa na shali, kwa hiyo vidole waliviinua hewani. Soko zima likaona. Mchinjaji wa Thika alipotakiwa vidole vinne akauliza kwa nini, na mzee yule pale ameuza kwa vitatu? Wa vitatu akaulizwa kwa nini, na yule wa nyuma amekubali viwili? Kabla ya adhuhuri ng'ombe mnono na ng'ombe wa mbavu tupu walikuwa bei moja, ile ya chini kabisa. Wazee wakaanza kulaumiana, tena kwa Kiswahili sanifu. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba ana huzuni isiyo kifani. Nilijivunia bila kutaka.

Katika pembe ya madalali, watu walikaa wakinywa chai na kuhesabu nzi. Aabo hakuleta nyama. Baada ya kula wali mtupu alisema Eeddo Maka amefanya hisani kutukumbuka, na kwamba Elwak ni mji mzuri, una upepo.

Elwak! Upepo!

Lakini akili ilibaki imara. Soko la Aabo limekonda. Dawa ni nini? Kuongeza wanafunzi. Wafugaji wakijua Kiswahili kwa wingi, soko litachangamka, na soko likichangamka Aabo atapata kazi. Ni wazi kabisa. Nashangaa yeye mwenyewe hajaliona.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeongeza kipindi cha pili. Leo tulishughulikia hitimisho.

Adeer Warfa anataka kuuza mafahali wote waliobaki Jumatano ijayo kisha arudi kwao, mvua ikijaliwa. Nimemtungia hotuba maalumu. Inaanza na jua, inapita kwenye safari, inamsifu fahali kuanzia pembe mpaka mkia, na inafunga kwa machozi njia mbili mbili. Aliipokea yote kwa kusikia mara moja. Aliuliza swali moja tu: mtu akimwuliza kitu ambacho hakimo ndani ya hotuba, je? Nikamwambia hotuba nzuri haiachi nafasi ya maswali.

Chuo cha Ifrah kimepata aibu. Kijana wake mmoja alimwita mkuu wa soko "buda" na akaambiwa arudie alichosema mbele ya baba yake mzazi. Nilimpa Ifrah pole ya dhati. Nilimpa mara mbili.

Hooyo ameanza kunishonea buibui la safari. Nilimwuliza safari ya wapi. Akasema yeye ni mshonaji tu.

Jumatano, 18 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Tangi la shule lilikauka, tukaruhusiwa mapema. Nikaenda mbio sokoni kushuhudia mahafali ya mwanafunzi wangu. Nilichelewa kidogo. Adeer Warfa alikuwa amekwisha kuuza. Mafahali wote walikuwa juu ya lori, lile lori langu, na somo la jana bado liko ubavuni, tarehe juu, jina chini. Mchinjaji wa Thika alikaa mbele karibu na dereva. Lori likaelekea darajani. Adeer Warfa akaniambia ndama wangu amefungwa kwenye ule mti pale, mweupe, mwenye doa usoni. Nilimwona! Nilimpa jina, Sanduku.

Sikuwa hata nimemgusa lori liliporudi.

Darajani mchinjaji alikuwa ameulizwa ng'ombe hawa ni wa nani na nani anamdhamini muuzaji. Siku zote hutajwa dalali, kwa maana dalali anajua fahali ametoka zizi gani, na akiwa wa wizi ni yeye anayewajibika. Leo mchinjaji hakuwa na jina la kutaja. Alisema amewanunua kwa mzee mwenye ndevu za hina ambaye machozi yalimtiririka njia mbili mbili. Askari wakasema huyo wanamfahamu sana, ni rafiki yao, lakini wanamtaka dalali wake.

Mchinjaji alishuka akipiga kelele kwamba ameuziwa ng'ombe wa wizi. Watu wakajaa. Ulikuwa umati usio na idadi, kweli kabisa, na haukuwa mtamu hata kidogo. Mtu akatumwa kumwita askari wa soko. Mchinjaji alimshika Adeer Warfa kifuani na kumwuliza: "Mzee, sema! Hawa ng'ombe ni wako au si wako?"

Adeer Warfa alifungua mdomo. Alirauka alfajiri na mabema, akasema. Ndege walikuwa wakiimba. Akasita. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu.

Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya gurudumu. Nikapekua masomo yangu yote kichwani, kuanzia la kwanza, na hapakuwa na sentensi hata moja ya kusema ng'ombe huyu ni wangu, nimemlea mwenyewe. Nilifundisha machozi na sikufundisha "wangu".

Ndipo Aabo alipopita katikati ya watu na shali lake begani. Hakuharakisha. Alimsalimu Adeer Warfa kwa Kisomali, wakaulizana habari za nyumba, za mvua, za mifugo, kana kwamba hakuna mtu anayepiga kelele. Kisha Adeer Warfa akapanda ubavu wa lori na kutaja kila fahali na jina la mama yake, na mama wa mama yake, na kisima walichonywea. Akaonyesha alama ya moto, ile ile kwenye kila paja. Kule nyuma wenyeji wa Takaba wakaitikia, ndiyo, ndiyo, huyo ni mtoto wa yule mwekundu.

Aabo akamgeukia mchinjaji. Akasema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, ambacho nisingekipa alama nyingi: "Ni wake. Mimi ndiye dalali. Niandike mimi."

Basi. Maneno yasiyojaa kijiko. Mchinjaji akapoa. Aabo akafunika mkono wa Adeer Warfa kwa shali, kisha wa mchinjaji, kisha wa Adeer Warfa tena. Sikuona vidole, lakini niliona ndevu za hina zikitabasamu. Bei mpya ilikuwa bora kuliko ya asubuhi, na mchinjaji pia alikuwa anacheka. Sijui inawezekanaje.

Ningeondoka hapo hapo. Lakini Aabo akauliza, kwa kutaka kujua tu, haya ya ndege na alfajiri mzee ameyapata wapi? Adeer Warfa akanyoosha mkono kwa fahari kuelekea ubavu wa lori. Aabo akasoma. Madalali wote wakasoma. Asiyejua kusoma akasomewa.

AMRAN MOHAMEDAMIN, DARASA LA NANE.

Nilitoka nyuma ya gurudumu. Kidole changu kilikuwa na vumbi la lori. Aabo alikitazama kidole, akatazama lori, akatazama pembe ile ambapo madalali walikuwa wamehesabu nzi wiki nzima. Kisha akasema mbele ya soko lote: "Kwa hiyo Kiswahili nilichokulipia karo ndicho kilichonifukuza kazi."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Yeye hakucheka. Ndama Sanduku alifunguliwa kutoka kwenye mti na kukabidhiwa Aabo.

Alhamisi, 19 Septemba

Aabo hasemi nami. Si hasira, ni kunyamaza, ambako ni kubaya zaidi kwa sababu hakuna mahali pa kushika.

Buibui limekamilika. Ni refu, zuri, jeusi, la kusafiria. Linaning'inia msumarini na kila nikipita linanitikisia kichwa.

Shuleni Ifrah hakunicheka. Alinigawia nusu ya mandazi yake. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya sana.

Ijumaa, 20 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa Aabo aliniita uani. Ndama alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, akila ufagio wa Hooyo. Aabo aliketi juu ya gunia, akaniambia niketi mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha msamaha wa aya tatu.

Hakutaka aya. Alilitandaza shali juu ya magoti yetu na kunyoosha mkono chini yake. Nilielewa kwamba nitoe wangu. Sijawahi kushikwa mkono namna hiyo. Mkono wa Aabo ni mkavu kama kamba ya kisima.

Alishika kidole changu kimoja akaminya.

Sikujua kinanunuliwa nini. Lakini nimeishi na dalali miaka yangu yote, na najua bei ya kwanza haikubaliwi. Nikavuta mkono. Aabo akashusha nyusi. Akashika viwili. Nikatazama pembeni, kama wauzaji wanavyofanya, kama mtu mwenye wanunuzi wengine. Ndani ya kifua moyo ulikuwa unataka kutoka uende Elwak peke yake.

Akashika vitatu. Nikauliza kwa sauti ndogo tunauza nini, Aabo. Akasema bei haisemwi kwa mdomo, mara ngapi atanieleza? Lakini jicho lake lilikwenda kwenye mlango wa chumba. Ndani, kando ya kitanda changu, kulikuwa na sanduku la bati, jipya, la buluu, na kufuli yake.

Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Nikavuta mkono kwa nguvu! Nilishangaa mwenyewe. Aabo aliguna, akasema mtoto huyu ni mgumu kuliko watu wa Thika. Kisha akashika vidole vinne, akavifumba vyote ndani ya kiganja chake, na hakuviachia kwa muda mrefu.

Hooyo akauliza kutoka jikoni tumepatana ngapi. Aabo akamjibu kwamba hayo ni ya chini ya shali.

Masharti yalisemwa kwa mdomo. Chuo kifungwe leo. Nisome mpaka mtihani na nifaulu, kwa sababu sanduku halifaulu lenyewe. Kwa Eeddo Maka atapeleka jibu mwenyewe. Na nisiguse tena ubavu wa lori la mtu. Nilikubali yote nikilia. Machozi yalikuja ovyo ovyo, hayakufuata njia yoyote.

Jumapili, 22 Septemba

Nimefunga chuo rasmi. Ifrah amefunga chake pia. Tumesameheana, na mwalimu ametuacha dawati moja mpaka mtihani.

Nimetulia na kutafakari yaliyotokea, kwa kuwa mwalimu wetu husema insha bila funzo ni maneno tu. Funzo langu ni hili. Soko la Aabo limenona kuliko lilivyokuwa kabla yangu. Tangu Jumatano kila mfugaji anamtaka yeye, kila mnunuzi anamtaja yeye darajani. Ni nani aliyewaonyesha watu thamani ya dalali? Ni chuo changu. Sitarajii shukrani.

Kosa lilikuwa moja tu: nilifundisha upande usiofaa. Wafugaji wana lugha yao na vidole vyao, hawakuhitaji kitu. Wenye shida ni wanunuzi wa bara! Wanakuja kila Jumatano hawajui neno la Kisomali, wala hawajui vidole vinasema nini chini ya shali. Yule mchinjaji wa Thika amekwisha kuniambia angetoa chochote ajue. Nikiwafundisha mambo hayo mawili, wataweza kununua wenyewe moja kwa moja, bila kumhitaji mtu yeyote katikati. Na Aabo, ambaye kazi inamchosha sana siku hizi, atapumzika.

Ifrah amekubali kuwa naibu. Ataleta shali la mama yake kwa mazoezi. Tunaanza Jumanne jioni, wanunuzi wa kwanza wakifika, kando ya zizi. Lori hatutaligusa, nimetoa ahadi. Kuna ukuta wa choo cha soko una vumbi zuri zaidi.

Na safari hii sitaandika jina langu. Mtu hujifunza.

Aabo sitamwambia kwanza. Iwe zawadi.